Jina la Muuzaji

Jumapili, Kibuye, nyuma ya vibanda vya mitumba,
Amugune aliilaza saksafoni ya baba juu ya gunia,
akaipindua, akainusa, kama mtu anayenunua ng'ombe.

Kwenye mdomo wake mpana kumechorwa maua
na jina lenye mikia: Halberd na Wanawe.
Baba alilitaja kama mtu anayetaja ukoo wake:
"Ya Halberd hii. Usiishike na mikono ya samaki."

Amugune akacheka kwa pua.
"Huyo hakufua hata kijiko.
Alikuwa na duka, huko huko ng'ambo. Aliagiza kwa jumla,
vinanda, baiskeli, mashine za kushonea,
akamwambia mwenye kiwanda: nichoree jina langu.
Hiki chombo, dada, kilizaliwa kwingine."

Kwingine wapi?

"Usisome. Papasa."
Akakishika kidole changu, akakizungusha ukingoni mwa tundu.
Ukingo umekunjwa nje, laini, kama mdomo wa chungu.
"Wengi walitoboa wakaacha makali.
Mkunjo huu waliuweza wachache."
Akanionyesha waya zinazolinda ngozi, zilivyokanyaga shaba,
chemchemi za chuma cha buluu,
lehemu ya kale, nyembamba kama uzi,
na lehemu nyingine, nene, ya aibu,
ya fundi wa Kakamega aliyekuwa amelewa
shingo ilipovunjika harusini, Luanda, usiku wa manane.

Kisha akanyamaza.
Dole gumba lake likatua mgongoni mwa chombo,
chini ya ndoano, pale panapopigwa namba,
likakaa.
"Jina la kupachika tu," akasema. "Pole. Nitakupa elfu nane."

Mvua ikaanza kuhesabu mabati.
Mimi nilikuwa natazama lile dole.
Baba alicheza karata Nyalenda miaka thelathini;
nilikuwa nakaa chini ya meza, nikijifunza
ni mkono upi unaficha.

"Toa kidole."

Akakitoa, polepole.
Tarakimu sita, na chini yake herufi moja
iliyogongwa na mtu ambaye jina lake
halikuandikwa popote.

Amugune akatazama mvua.
"Haya. Thelathini."

Sikumjibu. Nilichomeka shingo,
nikalilowesha tete la baba, lililopasuka pembeni,
nikapuliza. Sijui kupiga.
Ikatoka sauti moja nene, yenye kikohozi,
na mama muuza omena, ng'ambo ya mtaro,
akainua kichwa kutoka kwenye mkebe wake:
"Rading' amerudi?"

Hakuna aliyemjibu. Alikuwa amezikwa Desemba.

Nikafuta mate, nikairudisha sandukuni,
na hapo tu, nikihangaika na kitasa kilichoshika kutu,
nikaona kifuniko nacho kina jina,
kwa rangi nyeupe iliyokwanguka,
la mtu wa tatu nisiyemjua.