Buti za Zamu Mbili

Usikitie maji kiatu cha swedi, kijana.
Na hiyo mashine ya nywele mrudishie dada yako.
Swedi ni ngozi iliyogeuzwa:
upande uliokuwa umelala juu ya nyama
sasa ndio unaokutana na barabara.
Haifichi kitu. Ukiigusa, inabaki na kidole chako.

Tunakijaza magazeti tumboni,
tunakiweka mbali na jiko, kikauke kwa hiari yake.
Kisha brashi, mkondo mmoja tu.
Kisha kifutio, hiki hiki cha daftari la hesabu.
Doa likikaidi, tone la siki, mvuke wa birika,
brashi tena.
Subira huvuta heri,
na heri yenyewe huvuta miguu.

Baba yangu Aramayis hakujua kifutio.
Alitumia mkate.
Ganda gumu la juzi, alilisugua polepole
likanywa mafuta, likanywa vumbi,
makombo akawamwagia shomoro.
Mpaka ile baridi ya mwaka tisini na tatu,
umeme saa moja kwa siku,
na siku nyingine saa hiyo ikapotea njia,
mkate kwa kipimo, gramu kwa kichwa.
"Mkate si wa viatu," akasema,
akalitia ganda mfukoni.

Duka letu lilikuwa kontena, tangu tetemeko.
Tulichoma kalibu za mbao tupate joto.
Tulianza na namba arobaini na sita,
maana wenye miguu mikubwa walikwenda Urusi.
Kalibu za watoto hakuzigusa.

Ndipo akaja Siranush na buti za swedi,
za kahawia, thelathini na nane,
soli zimeachama kama makinda.
Baba akazigeuza,
akapitisha dole gumba kisiginoni.
Kimeliwa nje.
Kimeliwa ndani pia.
"Wewe unaegemea nje," akasema.
"Nani mwingine anaegemea ndani?"

Binti akatazama sakafu. Ilikuwa chuma kitupu,
mbao zake zilikwisha ingia jikoni.
"Mdogo wangu, Arpenik.
Mimi nauguza mchana, yeye anakanda unga usiku.
Yeye anarudi saa kumi na moja alfajiri,
mimi natoka saa kumi na mbili.
Sina siku ya kukuachia."

Kwa hiyo baba alifungua alfajiri, siku tisa.
Mimi, mwenye miaka kumi na mmoja, nilishika mshumaa.
Arpenik alivua buti mlangoni,
akalala amekaa, unga bado kwenye nyusi,
miguu ndani ya shali ya mama.
Msharasi ukatoboa, uzi wa nta ukafuata,
mshono mmoja leo, mwingine kesho,
hakuna kilichoachwa wazi usiku kucha.
Robo saa kabla ya muda
Siranush aliingia na kalosi zilizotoboka.
Akazivua, akavaa buti.
Mdogo mtu akarudi nyumbani na kalosi.
Sikuwahi kuwaona wakizungumza.

Kisigino baba alikikata kwa watu wawili:
ngozi ngumu upande wa nje, ya mkubwa,
mpira wa tairi upande wa ndani, wa mdogo.
Ukikitazama usingejua.

Siku ya tisa Arpenik alilipa. Ganda la mkate,
kubwa kama kiganja, bado lina joto la kifua chake.
Baba alilitazama mpaka nta ikaniunguza.
Akalivunja.
Nusu akanipa.
Nusu akaishikilia juu ya jiko mpaka ikakauka,
akaisugua kwenye buti,
taratibu, mkondo mmoja,
mpaka unyoya ukasimama kama paka aliyeitwa jina.

Makombo yalianguka meusi kwenye aproni yake.
Shomoro hawakuyapata.
Nusu yangu niliimaliza kwanza,
kisha hayo, moja moja, kwa ncha ya ulimi,
na tangu hapo naijua ladha ya njia ya hospitali.

Haya. Alhamisi vitakuwa tayari.
Kifutio sikutozi.