Kupanda

Nauli imepanda.
Basi halijapanda kilima.
Mimi sijapanda basi.
Neno ni moja, sisi watatu tumeligawana
chini ya paa la kioo lililopasuka tangu Pasaka.

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Eti asubuhi:
Desemba, bonde la Cwm Harri jeusi kama masizi,
mvua inakuja kwa ubavu, kama mdai.
Ubao wa taa unasema: Basi 37, dakika nne.
Nauamini.
Baada ya dakika nne unasema: dakika nne.
Kisha mbili. Kisha: limefika.
Natazama barabara. Kilichofika ni paka wa kina Mererid.
Kisha namba inafutika; basi limeshapita,
nami nimesimama pale pale,
sikulisikia hata likikohoa.

Mwaka juzi pauni moja na nusu.
Mwaka jana mbili. Sasa tatu,
na hiyo ni kwenda tu.
Nafua shuka za hospitali:
nusu saa ya kwanza namfulia mwenye basi,
ndipo naanza kujifulia mwenyewe.
Nikichelewa dakika saba, Bi. Probert anakata robo saa.
Hapandishi sauti. Anapandisha miwani.
Teksi ni pauni kumi na nane;
teksi ni ya wanaooana na wanaokata roho.

Mzee Emrys ana kadi ya bure,
picha yake inacheka ndani ya plastiki.
"Bure ya nini, Nesta?" ananiuliza.
"Wamenipa ufunguo, nyumba wameibomoa."
Kliniki ya macho imemwandikia barua tatu:
hukuja. Hukuja. Tumekufuta.
Alinipa mimi nimsomee.

Mwezi wa tatu kampuni iliita kikao
kanisani, saa moja jioni, chai na biskuti.
Basi la mwisho hushuka saa kumi na moja na nusu,
kwa hiyo watu wa bonde la juu, wenye kulilia basi,
hawakupata basi la kuwaleta kwenye kikao cha basi.
Kijana wa tai alikuja na gari lake. Mpole, kucha safi.
Akasema njia hii haijilipi.
Emrys akainua mkono kama mtoto wa shule:
"Na ngazi za nyumbani kwako, mwanangu,
kwa mwezi zinakulipa kiasi gani?"
Tulicheka. Kijana akaandika kitu.
Aprili wakapunguza safari mbili.

Siku likitokea, Tudur dereva hatutazami machoni.
"Usinisemeshe mimi. Mimi naendesha basi;
ratiba inaendeshwa na mtu
ambaye hajawahi kukojoa nyuma ya kituo."
Mara nyingine huziba mashine kwa kiganja,
"Imeganda," husema, "ingia, ingia."
Haijaganda. Naingia.

Mwezi wa Mei Emrys alikuja na mwiko wa bustani
na mfuko wa karatasi. Akapiga magoti, kwa awamu,
goti hili, kisha lile,
chini ya nguzo ya ratiba, akapanda maharage sita.
"Kungoja tunangoja," alisema,
"basi tungoje kitakachokuja."

Sasa ni Julai. Yamepanda.
Yameikumbatia nguzo, maua mekundu,
yamefunika safu ya Jumapili, ambayo haikuwa na kitu,
yamefika Jumamosi jioni.
Ubao unasema dakika nne.
Nachuma ya kujaza kiganja,
natia mfukoni mwa koti la kazi,
nasikiliza kilima.
Kuna kitu kinakohoa kule chini.
Au ni lori la maziwa.