Nyongeza

Kwa Bi Siwatu, Manzese, mkaa ulipimwa kwa kopo la rangi,
na juu ya kopo, konzi moja ya nyongeza.
Konzi hiyo ndiyo iliyowavuta
hata watu wa Tandale.

Sasa kibandani imepangwa mitungi.
Ukuta umepakwa chokaa mara tatu,
weusi bado unachungulia.

Mteja analipa kwa simu. Haondoki.
"Na nyongeza yangu?"

Gesi haichoteki.
Siwatu anavitazama viganja vyake,
safi siku hizi, kama vya mgeni,
kisha anavuta droo:
kiberiti kimoja, bure.

"Mama, jiko langu linajiwasha lenyewe."

"Chukua tu, mwanangu.
Mkono huu haujajifunza kurudi mtupu."