Mlio wa Sarapó

Iracilda hulala mchana, kama popo.
Kazi yake huanza saa mbili usiku
penye maji meusi kama chai iliyosahaulika jikoni:
taa ya kichwani, mbu, na waya wenye ncha mbili
uliotumbukizwa kando ya mizizi.
Spika kuukuu, ya kununua sokoni Manaus,
inakohoa, kisha inashika mlio:
ngiiii.
Huyo ndiye sarapó. Haonekani. Bila waya, hasikiki.

Samaki mwembamba, mkia kama uzi.
Jicho lake, kwenye kiza hiki, ni pambo tu.
Ana umeme, haba mno, usiowasha hata tochi,
anaupiga mara mia nne kwa sekunde, usiku kucha,
na ngozi yake inasoma kilichoupinda:
kijiti, jiwe, buu la mbu, mwenzake.

Hapo kwenye mwenzake ndipo penye balaa.
Akija mwenye mia nne kama yeye
mawimbi yanaingiliana, dunia inajaa ukungu,
na wote wawili wanapofuka.

Ameyasikia haya mara elfu, na bado hubana pumzi:
mmoja anapanda kidogo. Mwingine anashuka.
Ngiiii. Ngeeee.
Kama watu wapishanao juu ya ubao wa kuvukia mtaro,
huyu begani, yule kiunoni, na hakuna aliyelowa.

"Adabu hiyo," anasema Seu Dorvalino, mpiga kasia.
"Wanawashinda madiwani wetu."

Iracilda anacheka, anaandika namba.
Yeye kaufungua ubongo ule, punje ya mahindi,
kateremsha sindano ya kioo katikati ya seli
akazisikiliza moja baada ya moja.
Hakukuta mwenyekiti humo.
Kulikuwa na seli iliyojua neno moja, *imezidi*,
na jirani yake, *umechelewa*,
na maelfu ya wengine, wengi wao wakikosea,
wakipayuka wote kwa pamoja,
na jumla ya payo hizo
ni amri moja isiyokosea: shuka.

Lakini linalomkesha ni hili.
Samaki hajui mlio wake.
Hakuna mahali kichwani mwake palipoandikwa mia nne.
Anachokisoma ni mchanganyiko tu,
pale umeme wake unapogusana na wa mgeni.
Akiwa peke yake, hana la kulinganisha.

Saa tano simu inatetemeka kwenye mfuko wa nailoni.
Neuzimar, dada yake, kutoka Parintins,
na habari ni ileile: nyumba ya mama, bati, wanunuzi.
Wanaanza kusema kwa wakati mmoja,
sauti moja, ya marehemu, kali puani,
hakuna anayemsikia mwenzake.

Kimya.
Spika inaendelea, ngiiii.
"Ni nini hicho?" anauliza Neuzimar.
"Samaki."
"Anataka nini?"

Iracilda anatazama maji. Anataka kumweleza yote,
sindano, maelfu, kura za wapumbavu.
"Sema wewe kwanza," anajibu, chini kidogo
kuliko alivyozoea, na hajui
kama ameamua.