Macho ya Kuazima

Saa tatu na dakika kumi, stesheni ya Kirkcaldy,
Isobel Rennie kanishika kiwiko
kama mtu ashikaye kitasa cha mlango wake mwenyewe.
Jumamosi. Si zamu yangu.
Siku za zamu nampa vidonge, nampima sukari, natia saini daftarini;
leo sikuvaa sare, naye kapaka rangi ya midomo
ikavuka mpaka kidogo upande wa kushoto.
Sikumwambia.

"Nieleze," kasema, garimoshi lilipong'oka.
"Leo macho yangu ni wewe."
Nikacheka moyoni. Kwetu Pangani husemwa
nguo ya kuazima haisitiri matako,
sembuse macho.

Nikamweleza hata hivyo.
Kinghorn: sili watatu juu ya mwamba,
wamelala kama magunia ya mkaa yaliyolowa.
Burntisland: mtu anakimbia na mbwa. Mbwa hataki.
Inverkeithing: hakuna kitu.
"Haiwezekani pasiwe na kitu," kanikemea.
Basi: bango la daktari wa meno, na mvua.
Kisha daraja, vyuma vikikatana dirishani.
"Lina rangi gani leo?"
"Jekundu."
"Hilo hata asiyewahi kulivuka analijua."
Akanuna mpaka Haymarket.

Jumba lina nguzo nene na ngazi; nikazihesabu kwa sauti.
Picha ya kwanza: meza, jagi,
limau lililomenywa nusu, ganda linaning'inia.
"Limau rangi gani?"
Kiingereza changu kikaishia papo hapo.
Nikamjibu kwa rangi za kwetu: manjano,
ile ibakiayo kuchani siku mbili baada ya mchuzi wa samaki.
Jagi ni kijivu, majivu ya jikoni alfajiri
kabla hujayazoa.
Kitambaa ni zambarau; nikaeleza tunda,
na mama alivyotukamata wezi kwa ndimi zetu.
Ukutani pembeni, hakimu mwenye joho la maji ya kunde,
kunde zilizochemka zikasahauliwa.
Isobel kasimama kimya kirefu.
"Lugha yenu," akasema, "hupika kila kitu?"

Chumba cha tatu, msichana wa chuo juu ya kigoda
ananakili mawingu ya mtu aliyekufa zamani.
Isobel akainua pua.
"Mafuta ya kitani."
Ana miaka kumi na sita, yuko kiwanda cha linoleamu,
mji mzima unanuka hivyo,
mpaka kwenye mkate, mpaka kwenye nywele za mchumba.
Akaniachia kiwiko.
Akaenda mwenyewe, hatua sita,
akainama juu ya kibao cha rangi cha yule binti:
hii imekauka juu, ndani bado, usiipapie.
Nikabaki mlangoni,
macho yaliyoazimwa, mwenyewe keshaondoka.
Binti akaniuliza kwa nyusi: anaona?
Nikatikisa kichwa kukana,
kisha nikakubali kwa kichwa hicho hicho.

Jioni, daraja tena. Kioo kimejaa pumzi zetu.
"Haya, sema upya. Na usiniambie jekundu."
Iko rangi, nikamwambia, tunaiita damu ya mzee.
Nikaitafsiri neno kwa neno, nikajuta.
Isobel akakunja mkono wa sweta
akaulaza mkono wake mezani,
pale palipovilia damu ya sindano ya Alhamisi.
"Hivi?"
Nikatazama mkono. Nikatazama chuma.
"Hivyo hivyo."
"Basi ni langu," akasema. "Daraja zima."

Na kutoka North Queensferry hadi Burntisland
akajifunza, damu ya mzee, damu ya mzee,
akiigonga ile *d* kama anabisha hodi,
mpaka bwana wa kiti cha mbele akageuka,
akausogeza mkoba wake.
"Ananitazama?"
"Anakutazama."
"Kavaa rangi gani?"