Adimiti

Juu kabisa ya faili langu muuguzi ameandika neno hilo
kwa kalamu ya bluu inayokwamakwama.
Ndanda, wodi ya wanaume, kitanda cha kumi na moja.
"Tumekuadimiti, babu," kasema,
akakung'uta shuka.

Nalijua. Nimekula mshahara wake miaka ishirini na mitatu.
Kwao Waingereza nalo lilikuja mgeni, kutoka Kilatini:
kuachilia, kupisha kitu kipite.
Liliniona kabla sijajua kulisoma,
kwenye ubao wa geti la karanga, Nachingwea,
limetanguliwa na "hapana".
Baba naye hakujua kusoma. Akaingia.
Akatolewa kwa teke.
Kisha likanijia kwa barua: shule imenipokea,
nije na blanketi, na jembe.

Sisi kila mlango tumeuchongea ufunguo wake:
mgonjwa hulazwa, mwanafunzi hupokelewa,
mgeni hukaribishwa, mkosaji hukiri.
Wao wana ufunguo mmoja
na unafungua kote, hata pasipobishwa hodi.

Newala, mahakama ya wilaya. Ukungu umeingia hadi kizimbani.
Somoe Nantumbuka; magunia mawili ya korosho za ghala
yamekutwa uvunguni mwake.
Akasema kwa Kimakonde, polepole, ili nisikosee:
Alikuja usiku, kunanyesha. Nilimpokea.
Alichobeba sikumuuliza.

Saa saba ilikwishapita, njaa inaniuma.
Nikatafuta la kuliweka mahali pa "nilimpokea",
nikalipata, fupi, safi,
nikamkabidhi hakimu
nikiwa nimemdondosha njiani yule aliyepokewa.
Hakimu akaandika: mshtakiwa amekiri.
Miezi tisa.
Niliuona ukurasa ule. Hata nukta haikukosewa.

Sikuinua mkono.
Nilikwenda kula muhogo.

Leo daktari kauliza mengi: nina mzio? nimewahi kupasuliwa?
Nikajibu yote. Lile jingine hakuuliza,
na fomu haina nafasi yake.

Usiku jenereta likizimwa
nasikia maji yakishuka kutoka mlimani,
namgeukia wa kitanda cha kumi na mbili,
ambaye amelala, au anajifanya:
Alimfungulia mtu mlango, bwana.
Mtu aliyelowa.
Aliyemfunga ni mimi.