Sahani Nyeupe

Vitufe vya samaki vimeiva, vinaelea.
Viazi nimemenya, vinafuka mvuke.
Mchuzi ni siagi, unga, maziwa,
na madonge mawili matatu yaliyonishinda.

Ragnfrid, miaka sita, anakagua sahani,
kisha dirisha,
kisha sahani.
“Baba, umetupikia theluji?”

Vardø, saa nane mchana, giza limeshaingia.
Nafungua kabati. Bizari?
Anakataa: inawasha, tena inanukia kwa bibi.
Karoti basi, nimeikwaruza mbichi, nikaikamulia limau.
Anaisukuma ukingoni, anaijengea uzio.

Nyuma kabisa, chupa ya bitiruti za siki,
kifunikoni mwandiko wa Torbjørg: Agosti.
Agosti alikuwa bado anaishi hapa.
Nimeitunza. Sijui nilikuwa naitunzia nini.

Kifuniko kinalia pwa!
Kipande kimoja, cha pili,
na wekundu unatambaa mchuzini,
unazunguka vitufe, unakwea viazi,
mtoto anacheka hadi uma unamponyoka.

“Hizi za mama,” anasema, midomo imemwiva.
Za mama, nasema.
Nachovya kiazi. Uchachu, utamu.
Chumvi nilisahau.